Upepo na Nia: Historia ya Waweka Kasi

Mweka kasi ni mkimbiaji, na hapo zamani alikuwa mwendesha baiskeli, anayelipwa aongoze kwa mwendo uliopangwa tangu mwanzo kisha ajitoe njiani ili mwingine apate ushindi au rekodi. Ingawa leo kazi hiyo inahusishwa sana na wakimbiaji wa Kenya, Ethiopia na Uganda, chimbuko lake kubwa ni viwanja vya baiskeli vya Ulaya na Marekani vya mwishoni mwa karne ya 19. Huko ndiko lilikozuka swali la kwa nini anayefuata nyuma huenda kasi kuliko anayekwenda peke yake, swali lililozaa mojawapo ya tafiti za mwanzo kabisa za saikolojia ya michezo, yaani tawi la elimu linalochunguza jinsi fikra, hisia na kuwapo kwa watu wengine kunavyoathiri kazi ya mwili.

Katika miaka hiyo mwendesha baiskeli aliyeitaka rekodi aliona ni kazi bure kwenda peke yake. Mbele yake walitangulia waweka kasi waliopanda baiskeli moja wawili, watatu au hata wanne, wakipokezana kwa zamu, naye akijibanza nyuma ya gurudumu lao. Norman Triplett, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Indiana nchini Marekani na mpenzi mkubwa wa mchezo huo, alichukua kumbukumbu rasmi zilizowekwa hadi mwisho wa msimu wa 1897 akazigawa katika mafungu matatu: waliokwenda peke yao wakipambana na saa tu, waliopambana na saa wakiwa nyuma ya waweka kasi, na walioshindana wao kwa wao huku waweka kasi wakiwapo. Katika mwendo wa maili 25, wa fungu la kwanza walitumia wastani wa takriban dakika 2 na sekunde 30 kwa kila maili, wa pili dakika 1 na sekunde 55 na nusu, na wa tatu dakika 1 na sekunde 50 hivi. Tofauti ya sekunde 34 baina ya mafungu mawili ya kwanza ndiyo inayovuta macho, lakini zile sekunde tano baina ya la pili na la tatu zinafikirisha zaidi, kwa kuwa waweka kasi walikuwapo pande zote mbili na kilichoongezeka ni mpinzani. Ni kweli pia kwamba waendeshaji wa mafungu hayo hawakuwa watu wale wale, na aliyejijua kuwa hodari wa mashindano huenda ndiye aliyeyakimbilia.

Makala ya Triplett, iliyotoka mwaka 1898, ilipanga maelezo yaliyokuwa yakisemwa viwanjani. Wako waliodai kuwa aliye mbele humkinga wa nyuma na upepo, au kwamba hewa inayozunguka nyuma yake humvuta. Wako waliosema kuwa rafiki anayetangulia humtia moyo anayefuata, na waliohisi kwamba kulikodolea macho gurudumu la mbele humtia mtu katika hali inayokaribia usingizi, asiusikie uchovu. Maelezo yaliyo karibu zaidi na maisha ya mchezaji ni yale ya wasiwasi: anayeongoza huchosha akili kwa kujiuliza kila mara kama mwendo wake unatosha, ilhali anayefuata amemwachia mwenzake mzigo huo. Triplett hakuyakana maelezo ya upepo, ila alishikilia kwamba kumwona mwingine akijibidiisha huamsha nguvu ambayo mtu akiwa peke yake hawezi kuifungua.

Ili kuuondoa upepo kabisa katika hesabu, aliwapa watoto 40 vigurudumu vya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki wavizungushe upesi kadiri walivyoweza, mara wakiwa peke yao na mara wakishindana na mwenzao. Watoto 20 waliongeza kasi waliposhindana, 10 hawakubadilika sana, na 10 waliobaki walivurugika kwa kutaka mno kushinda, wakawa wa polepole kuliko walipokuwa peke yao. Vitabu vingi vya kufundishia viliwakumbuka wale 20 na kuwasahau wale 10, ingawa kwa kocha hao wa mwisho ndio wenye somo. Wataalamu waliozipitia upya takwimu hizo kwa mbinu za siku hizi wameona kuwa athari yenyewe ilikuwa hafifu kuliko sifa iliyopewa.

Upande wa upepo nao ulipata shahidi wake upesi. Tarehe 30 Juni 1899, katika Long Island karibu na New York, Charles Murphy aliendesha baiskeli nyuma ya behewa la treni, juu ya mbao zilizotandikwa katikati ya reli, akaimaliza maili moja kwa sekunde 57.8, mwendo ambao hapana nia iwezayo kuufikia bila kinga ile. Kwa anayekimbia kwa miguu faida ni ndogo, lakini ipo: mwaka 1971 Griffith Pugh, mtaalamu wa fiziolojia aliyewahi kufuatana na msafara wa Everest wa 1953, alionyesha kuwa anayekimbia kwa mwendo wa mbio za masafa ya kati, mita moja nyuma ya mwenzake, huepuka sehemu kubwa ya ukinzani wa hewa na kutumia oksijeni pungufu kwa asilimia 6 hivi.

Wale watoto 10 waliovurugika walisubiri maelezo hadi 1965, mwanasaikolojia Robert Zajonc alipopendekeza kwamba kuwapo kwa wengine hupandisha msisimko wa mwili, na msisimko huo huitia nguvu tabia iliyokwisha kuzoeleka, hivyo jambo rahisi hufanywa vizuri zaidi na jambo gumu huharibika. Mwaka 1969 yeye na wenzake waliwajaribu mende: waliotazamwa na mende wenzao walikimbia upesi zaidi katika njia iliyonyooka, lakini walichelewa katika njia yenye kona. Kwa kuwa ni vigumu kumdhania mende kuwa anaona haya mbele ya mashabiki, jaribio hilo lilionyesha kuwa athari ya mtazamaji ina mizizi ya chini zaidi kuliko fahari ya mtu.

Katika riadha kazi hii ilipata heshima, na lawama pia, tarehe 6 Mei 1954 mjini Oxford, Roger Bannister alipokimbia maili kwa dakika 3 na sekunde 59.4 huku Chris Brasher na kisha Chris Chataway wakimtangulia. Miaka 20 baadaye, tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, Filbert Bayi wa Tanzania alifanya kinyume kabisa cha hekima ya waweka kasi. Katika fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola alichomoka tangu mlio wa bastola, akakimbia mbele peke yake na kuweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. John Walker wa New Zealand aliyemfuata naye alipita chini ya rekodi ya zamani, kana kwamba Bayi amewawekea kasi wapinzani wake bila malipo. Kama maelezo ya wasiwasi yangekuwa kweli kwa kila mtu, Bayi angechoka wa kwanza. Kwake yeye inaelekea mzigo ulihamia kwa waliokuwa nyuma, waliolazimika kuamua ni lini wamfukuzie.

Hesabu ya namna hiyo iliwahi kuwageuka mabingwa. Mjini Oslo mwaka 1981 mweka kasi Tom Byers aliachwa atangulie mbali katika mita 1500 kwa imani kwamba atajitoa. Hakujitoa, akamshinda Steve Ovett. Simon Biwott wa Kenya aliingia Berlin mwaka 2000 kama mweka kasi akatoka bingwa wa maratoni. Mwaka 2003, hapo hapo Berlin, Paul Tergat aliweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 4 na sekunde 55, na sekunde moja nyuma yake alikuwa Sammy Korir, aliyeanza siku hiyo akiwa mweka kasi wake.

Kilele cha utaalamu huu kilionekana mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, waweka kasi 41 walipopokezana kwa makundi, watano mbele ya Eliud Kipchoge na wawili nyuma yake, akamaliza maratoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Muda huo haukuandikwa kuwa rekodi kwa sababu, pamoja na mengine, waweka kasi waliingia katikati ya safari. Mwaka uliofuata, mjini Monaco, Joshua Cheptegei wa Uganda aliongozwa na watu hadi karibu nusu ya mita 5000, kisha akabaki na taa zilizowekwa ukingoni mwa kiwanja, zinazowaka kwa mfululizo kulingana na mwendo uliopangwa, akavunja rekodi kwa dakika 12 na sekunde 35.36. Taa haimkingi mtu na upepo, kwa hiyo anayetafuta sehemu ya nia katika hesabu ya Triplett angetamani kuikuta hapo. Hata hivyo taa pia humzuia mkimbiaji asitoke kwa pupa mwanzoni, na mwendo ulio sawasawa huokoa nguvu kwa njia isiyohusiana na moyo wa ushindani. Nayo, tofauti na Byers au Korir, haiwezi kuamua kuendelea hadi mwisho.