Biskuti ya sikukuu na biskuti ya safari: namna zote mbili zilifika Masisi na Walikale

Katika Masisi mtu akitaja biskuti, wengi watafikiri pakiti ndogo ya dukani. Mwingine aliyepita katika kambi za wahami atafikiri ile ngumu ya mraba, inayotoka katika katoni ya msaada. Lakini iko ya tatu, na historia yake haizungumzwi sana: biskuti ya nyumbani. Unga wa ngano, sukari na siagi vinakandwa, vinatandazwa kwa chupa tupu ya Primus, vinakatwa umbo la nyota, la moyo ao la ng'ombe, vinachomwa, kisha vinapambwa kwa sukari nyeupe. Wamama wanaojua kazi hiyo wanaifanya kwa Noeli na Bonane, kwa komunyo ya kwanza, kwa ndoa, na siku watoto wanapopata diplome.

Neno lenyewe ni la Kifaransa, na asili yake ni Kilatini: maana yake ni kitu kilichopikwa mara mbili. Zamani wasafiri wa baharini na askari walihitaji mkate usioota ukungu. Basi mkate ulichomwa mara moja, kisha ukarudishwa motoni mpaka maji yote yakaisha. Ulikuwa mgumu kama kigae, na mabaharia waliuchovya katika maji ao mchuzi kabla ya kutafuna. Hakuna mtu aliyeupenda. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumfikisha mtu anakokwenda akiwa hai. Hiyo ndiyo biskuti ya safari.

Biskuti ya sikukuu ni ya ukoo mwingine, hata kama jina ni moja. Inapikwa mara moja, ina mafuta na sukari nyingi, na haikuumbwa kwa ajili ya njaa. Katika nchi za Ulaya ya kaskazini, ikiwemo Ubelgiji, watoto waliipata tarehe 6 mwezi wa 12, siku ya Mtakatifu Nikola. Wabelgiji wanaiita speculoos. Unga wake ulisukumwa ndani ya kibao cha mti kilichochongwa sura ya askofu, ya farasi ao ya meli, kisha ukatolewa na kuchomwa. Kwa unga laini zaidi, mafundi wa bati walikunja ukanda wa bati kuwa nyota ao ndege, na mama akakata mwenyewe mezani. (Sikukuu hiyo ina pia msaidizi wa askofu anayepakwa uso rangi nyeusi. Wabelgiji na Waholanzi wangali wanabishana kuhusu jambo hilo mpaka leo, na Mkongomani anayeangalia picha zile haitaji kuelezwa kwa nini.)

Ndani ya speculoos kuna mdalasini na karafuu, na hapa historia inarudi kwetu kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Katika karne ya 19 karafuu nyingi za dunia zilitoka Zanzibar na Pemba. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, na kati yao walikuwemo watu waliokamatwa huku ndani, Maniema na pembeni yake. Misafara iliyowapeleka pwani ndiyo ile ile iliyoleta Kiswahili mpaka Nyangwe na Kasongo, na kutoka huko lugha ikapanda kuelekea misitu ya Walikale. Kwa hiyo, kabla mtu wa Walikale hajaonja biskuti ya Mbelgiji hata mara moja, jasho la watu wa eneo hili la Kongo lilikuwa limeshaingia katika viungo vyake.

Sukari nayo ina deni kama hilo. Kwa karne nyingi ilikuwa kitu cha wafalme na cha wauza dawa. Ilishuka bei Ulaya kwa sababu ya miwa iliyolimwa na watumwa huko Amerika, na Wakongo wengi walivushwa bahari kwa kazi hiyo. Baadaye Wazungu walijifunza kutoa sukari katika mzizi wa biti. Katika mji wa Tienen, Ubelgiji, kiwanda cha sukari ya biti kilianza mwaka 1836. Tangu hapo familia ya mfanyakazi wa kawaida ikaweza kutengeneza biskuti tamu nyumbani. Mapambo ya sukari nyeupe juu ya biskuti, yale tunayoyaona kama kitu cha mchezo, yalikuwa kwanza alama ya utajiri: mwenye nyumba alikuwa anaonyesha wageni kwamba anayo sukari ya kupoteza.

Wabelgiji walileta desturi hiyo katika milima ya Kivu pamoja na mengine. Mwaka 1928 iliundwa Comité National du Kivu, iliyogawa ardhi kwa wakoloni. Walipenda Masisi kwa baridi yake. Wakapanda kahawa, chai na pareto, wakafuga ng'ombe. Tangu 1937 wafanyakazi na familia zao waliletwa kutoka Rwanda kwa mpango wa serikali ya kikoloni, na matatizo ya ardhi yaliyozaliwa hapo yangali yanatuua. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Katika nyumba za wakoloni wale kulikuwa na jiko la chuma lenye tanuri, na aliyesimama mbele yake hakuwa bibi wa Kizungu peke yake. Alikuwa mpishi, mwanamume wa hapa, aliyeitwa boyi hata kama ana wajukuu.

Hilo linafaa kukumbukwa: katika Kivu watu wa kwanza kujua kazi ya biskuti walikuwa wanaume. Walijifunza kwa kuangalia na kwa kugombezwa. Hawakuwa na kitabu, walipima kwa kikombe na kwa kidole.

Wamama waliifikia kwa mlango mwingine, ule wa masista na wa foyer social. Foyer ya Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, inajulikana vizuri kwa watu wa historia: ilifanya kazi kuanzia 1946 mpaka 1960, ikifundisha wake wa wafanyakazi kushona, kupiga pasi, kupika na kupanga nyumba. Misioni nazo zilifundisha wasichana mambo ya namna hiyo. Nia ilikuwa wazi: mwanamke akae nyumbani, amtunze bwana aliyerudi kazini. Wamama walichukua masomo na kuyatumia walivyotaka. Aliyefundishwa kuchoma keki kwa ajili ya meza ya bwana aliona haraka kwamba keki inauzwa. Mpaka leo patiseri ni moja ya kazi zinazofundishwa wasichana na wamama Goma, pamoja na kushona na kusuka nywele, na wengi wanaoingia ni wale waliofukuzwa na vita vijijini.

Kama mtu anauliza kwa nini biskuti ya kukatwa ilizoea Masisi kuliko Walikale, jibu liko katika mafuta. Masisi ni nchi ya maziwa. Ndiyo inayotoa ile fromaji ya mviringo inayoitwa ya Goma, na mahali penye maziwa mengi siagi haikosi. Juu ya milima siagi inabaki ngumu hata mchana, kwa hiyo umbo lililokatwa halilegei: nyota inaingia motoni na inatoka nyota. Walikale ni bonde la misitu, lina joto na unyevu, na mafuta yake ni ya mawese. Mawese yakiwa maji maji, unga unatambaa, pembe za nyota zinazama, na biskuti inatoka mviringo hata kama ulikata samaki. Mapambo ya sukari nayo yanakataa kukauka katika hewa ile. Ndiyo maana wamama wa Walikale wamekaa zaidi upande wa mandazi na mikate ya ndizi, na hawakukosea. Anayetaka kukata maumbo huko afanye kazi alfajiri, au aache unga upumzike fasi ya baridi kabla ya kuutandaza.

Kipimo cha zamani ni rahisi kukumbuka: sukari sehemu moja, siagi sehemu mbili, unga sehemu tatu, na yai kidogo la kushikanisha. Usitie hamira wala poda ya kuumua, kwa kuwa kitu kikiumuka umbo linapotea. Tanuri si lazima. Sufuria kubwa inawekwa mchanga mkavu chini, sahani ya bati juu ya mchanga, kifuniko cha chuma, na makala juu ya kifuniko na chini katika mbabula. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini. Biskuti ni nyembamba, dakika moja ya usahaulifu inaziunguza. Kwa mapambo, sukari inatwangwa katika kinu mpaka iwe vumbi, inachujwa kwa kitambaa, inachanganywa na matone ya limau na maji kidogo sana. Wazungu wanatia utewe wa yai usiopikwa. Kwa watoto wadogo, na mahali ambapo yai limesafiri siku tatu juu ya pikipiki, maji yanatosha. Rangi ya machungwa inatoka kwa karoti, ya kahawia kwa kahawa.

Unga wa ngano ndio umekuwa kizuizi siku zote. Wakati wa wakoloni ngano ililimwa katika milima ya Lubero, lakini kilimo hicho hakikuweza kulisha jimbo. Sukari ilikuwa na kiwanda chake Kiliba, karibu na Uvira, tangu miaka ya 1950. Kisha tarehe 30 mwezi wa 11, 1973, Mobutu alitangaza zairianisation, mashamba na maduka ya wageni yakapewa watu wengine, na mengi yakafa mikononi mwao. Kiliba ilisimama kwa vita vya 1996. Siku hizi unga na sukari vinakuja zaidi kutoka nje, kwa njia ya Uganda na Rwanda. Kila mara barabara inapofungwa, biskuti ndiyo ya kwanza kutoka mezani. Wakati M23 ilipochukua Bunagana, tarehe 13 mwezi wa 6, 2022, njia moja kubwa ya bidhaa ilibadilika mikono kwa siku moja.

Walikale ilipita katika jambo la ajabu zaidi. Baada ya madini ya kasiterite kugunduliwa Bisie mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya barabara ya lami pale Kilambo. Zilirudi Goma na mawe, na zilikuja na bidhaa za dukani. Mtu wa Walikale aliweza kula mkate uliopanda ndege, huku ndizi za shamba lake zikioza kwa kukosa barabara.

Katika miaka ile ile biskuti ya safari nayo ilikuwa inaingia. Mapigano yaliyoanza Ntoto, katika Walikale, mwezi wa 3, 1993, yalifika Masisi haraka. Mwezi wa 5, 1996, watu waliokimbilia monasteri ya Mokoto waliuawa hapo. Baadaye vita vya 2007 na 2008 vilijaza Mugunga na kambi nyingine, na mwisho wa 2008 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaligawa biskuti za nguvu kando ya Goma. Biskuti hizo zina kilokalori 450 kwa gramu 100, pamoja na vitamini, na zinaliwa bila moto, bila sufuria na bila maji ya kupikia. Kwa mtu aliyekimbia usiku, hakuna chakula kilichofikiriwa vizuri kuliko hicho. Ni yule mkate wa mabaharia, uliotengenezwa upya na wataalamu.

Lakini watoto wanajua tofauti. Biskuti ya katoni inagawiwa kwa orodha, kila kichwa sawa, na mtoto hachagui. Biskuti ya nyumbani mtoto anaikata mwenyewe, anabishana na dada yake kuhusu nani atapata ng'ombe na nani atapata nyota, na ile iliyovunjika inaliwa kabla ya kupoa. Wamama wengi wa Kitshanga, Nyabiondo na Sake walilea watoto wote katika kambi, na wako vijana wa miaka 15 ambao wamekula mamia ya zile za mraba na hawajawahi kukata moja.

Mwanzoni mwa 2025 vita vilifika Masisi-centre, mwezi wa 3 Walikale-centre, na kambi za pembeni mwa Goma zikavunjwa mwezi wa 2. Familia zilibeba tena kile kinachobebeka. Tanuri halibebeki. Vibao na mikato ya bati vilibaki katika nyumba zilizochomwa. Kilichobaki ni kile kipimo cha moja, mbili, tatu, na mikono.

Mkato wenyewe unapatikana. Debe la mafuta ya msaada, lile la lita 4, ni bati laini. Fundi wa taa anaweza kukata ukanda wa vidole viwili, akaukunja juu ya msumari kuwa nyota, moyo ao samaki, kwa muda wa kunywa chai. Ukingo wa juu lazima ukunjwe mara mbili, la sivyo unakata kiganja cha mtoto. Debe lililowahi kubeba rangi ao dawa ya shamba lisitumiwe, hata likioshwa.