Kujitayarisha kwa mazungumzo ya kazi katika kabine ya mawakili: wakiuliza unapenda nini

Katika Uingereza, kabine kubwa za mawakili, zaidi zile za London, haziangalii diplome peke yake wakati wa kuchagua vijana. Kuna mazungumzo ya kazi ambamo hawatafuti sana ulifanya nini, wanatafuta unapenda kufanya nini na unakifanya vizuri. Ernst & Young, kampuni ya mambo ya hesabu, ilikuwa kati ya zile za kwanza kutumia njia hii kwa vijana wanaotoka iniversite, mwishoni mwa miaka ya 2000. Mawakili walifuata kisha.

Mazungumzo ya zamani yanauliza: "Tuambie siku moja ulimaliza ugomvi kazini." Mwenye hajapata staji hata moja anabaki kimya. Haya ya sasa yanauliza: "Unapenda kuanza kazi ao kuimaliza? Kazi gani inakuchosha?" Maswali ni mengi, yanakuja mbio mbio, na mwenye kuuliza hakusaidii na swali lingine. Mara ingine hakuna hata mutu: swali linaonekana kwenye kompyuta, unapewa wakati kidogo wa kufikiri, kisha kamera inakurekodi.

Hapo vijana wetu wanaweza kukwama, hata wenye akili sana. Mtoto aliyelelewa vizuri anajua kama mutu hajisifu mbele ya wakubwa. Akiulizwa ana uwezo gani, anainamisha kichwa: "Mimi najaribu tu." Kule London hawasikii adabu, wanasikia mutu asiyependa kazi. Dawa si kujivuna, ni kueleza tendo. Kijana aliyeshika daftari la likelemba la wamama wa mtaa, akatafuta kosa la franka 500 mpaka usiku, hana lazima ya kusema "mimi ni mwangalifu". Aeleze ule usiku tu. Wakili anayeanza kazi naye anakaa hivyo: mkataba wa kurasa 80, na neno moja lililobadilika.

Kwa hiyo matayarisho yanaanza na daftari. Kwa juma mbili hivi, andika kila mangaribi kazi gani ilikufanya usahau saa, na gani ulikuwa unaikimbia. Uliza watu wanaokujua: dada, mwalimu, mwenzako wa kwaya. Linganisha na kazi ambayo kabine inaeleza katika tangazo lake. Kisha sema kwa sauti mbele ya simu inayorekodi, dakika mbili kwa kila hadithi. Usikariri, mwenye kukariri anajulikana mara moja. Na usiseme unapenda kila kitu. Wakiuliza kinachokuchosha, sema kweli, kisha eleza namna unakifanya hata hivyo.

Mazungumzo haya hayaondoi masharti mengine. Kule Uingereza, tangu 2021, kuna mtihani mpya wa taifa, pamoja na miaka 2 ya kazi ya sheria. Kwetu Kongo, sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 juu ya baro inaomba staji ya miaka 2 chini ya wakili mwenye uzoefu. Patroni naye anaweza kuuliza, bila kuita njia hiyo jina lolote: "Kwa nini unataka kuzeekea katika karatasi hizi?"

Na kabine ya kweli haiombi pesa ili ikuulize maswali. Anayekuomba dola kwenye WhatsApp juu ya "kupitisha dosie", umuache.