Fasili ya Zana: Kutoka Kamusi za Kiswahili hadi Akili Unde

Katika jiko la kata ya Chuno, mjini Mtwara, mtu akiagizwa alete mbuzi hamfungui mnyama kamba. Nazi imekwisha kuvunjwa na kifumbu kipo tayari. Mazingira yamemfasilia neno. Neno hilo likiandikwa pekee katika orodha, halimwambii mgeni kama ni mnyama au kifaa cha kukunia nazi. Ndipo linapozuka swali la zamani la watunga kamusi: maelezo ya zana yaandikweje ili yamfae msomaji asiye na tegemeo lingine ila maandishi?

Watunga kamusi wa mwanzo waliwaandikia wageni. Kamusi ya Ludwig Krapf ilichapishwa mwaka 1882, na ile ya A. C. Madan mwaka 1903. Wote wawili hawakuweza kudhani kwamba msomaji wao amewahi kuziona zana za pwani, hivyo iliwabidi waeleze umbo na kazi. Charles Sacleux, ambaye kamusi yake ilitoka Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, aliongeza jambo jingine muhimu: alionyesha neno ni la lahaja ipi, yaani linafaa wapi na halifai wapi.

Kamusi za lugha moja zilimbadilisha msomaji. Katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1935, na hasa katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, Kiswahili kilifasiliwa kwa Kiswahili. Mwandishi na msomaji wakawa kama watu wa nyumba moja, na fasili za “aina ya” zikapata nafasi: aina ya samaki, aina ya mti, aina ya wavu. Kwa mvuvi wa Msimbati fasili kama hiyo haina kasoro, kwa sababu haihitaji. Yeye anajua kwamba jarife hutegwa kuwasubiri samaki wakubwa kama papa, ilhali juya hukokotwa, na likipita juu ya matumbawe huyaharibu. Katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, tofauti hiyo ni ya kufa na kupona kwa matumbawe. Fasili inayosema “aina ya wavu” kwa zote mbili imeacha lililo muhimu kuliko yote.

Leo amezuka msomaji mgeni kuliko wageni wote wa Krapf. Mwaka 2023 kampuni ya OpenAI iliwawezesha waunda programu kuipa mifumo yake ya lugha zana za kutumia. Mwaka 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa utaratibu wa pamoja wa kuziunganisha, uitwao Model Context Protocol. Wakala wa akili unde huonyeshwa orodha: jina la kila zana, maelezo yake, na taarifa inazohitaji ili ifanye kazi. Kwa kawaida haoni jinsi zana ilivyoundwa ndani. Huteua kwa kusoma maelezo tu.

Tuseme zana imeitwa “futa”, na maelezo yake ni “hufuta rekodi”. Je, rekodi huondolewa kwenye orodha inayoonekana tu, au hupotea moja kwa moja? Je, ni moja au zote? Aliyeiunda anajua, kama mvuvi anavyolijua juya. Wakala hajui, na akikosea, kumbukumbu za watu huangamia bila mtu kuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo maelezo mazuri ya zana hutaja kazi yake, wakati wa kuitumia, wakati wa kutoitumia, kinachohitajika, kinachorejeshwa na madhara yasiyoweza kurekebishwa. Zana mbili zinazokaribiana hutenganishwa kwa maneno ya wazi. Urefu peke yake si ubora: maelezo marefu yasiyotenganisha ni “aina ya” iliyorefushwa.

Kazi hii hudhaniwa kuwa ya wahandisi. Historia ya kamusi yaonyesha kwamba ni kazi ya fasili, na kosa lake ni la kale: kumwandikia anayejua tayari. Mwanafunzi wa leksikografia anayeweza kumweleza jarife mtu asiyewahi kuiona bahari amekwisha kuianza.