Land Rover ya babu na namba zake

Nimepotea kidogo, lawama zote zipelekeni kwenye ratiba ya mitihani. Nimerudi chuo juzi kutoka likizo nyumbani Mpanda, na leo sina stori za hosteli wala za bumu kuchelewa. Nina stori ya chuma. Wenzangu wa Historia mtanielewa, wengine vumilieni tu.

Pale nyumbani chini ya mwembe kuna Land Rover fupi ya babu. Toka nipate akili nimeambiwa gari lile lilikuwa la mgodi. Babu alikuwa utingo mgodi wa Mukwamba mwishoni mwa miaka ya 1950, na ukimgusa kidogo tu anaanza: hili nimelijua likiwa jipya, mali ya Wazungu wa Uruwira, mimi nalisukuma likikwama, leo ni langu. Sisi wajukuu tumekua na hiyo stori kama wengine wanavyokua na hadithi za sungura.

Sasa mwaka huu kajitokeza mnunuzi wa Arusha, mtu wa kufufua magari ya zamani. Hela yake ya maana kweli. Sharti lake moja: namba ya chesisi iwe ile iliyotoka kiwandani, na ifanane na kadi. Tukaangalia kwenye chesisi, hamna kitu, kutu na rangi tupu. Fundi mmoja akampa baba mdogo ushauri mwepesi: tunapitisha grinda, tunagonga namba ya kwenye kadi, mchezo umekwisha. Baba mdogo alishaanza kukubali. Nikamwomba siku mbili.

Kabla ya siku mbili hizo, kidogo kuhusu mgodi, maana kuna wadau wanadhani Mpanda ni viboko wa Katavi tu. Mukwamba walichimba madini ya risasi (si ya bunduki, ile metali nzito) pamoja na shaba, fedha na dhahabu kidogo. Kampuni iliitwa Uruwira Minerals. Kwa ajili yake ndiyo ikajengwa reli ya kutoka Kaliua, kilometa kama 210 za pori, ikafika Mpanda mwaka 1950. Treni mnayoilalamikia ilianza kama mkokoteni wa mgodi. Halafu mwaka 1960 mgodi ukafungwa, reli ikabaki, na watu kama babu wakabaki. Ushikeni huo mwaka 1960.

Upande wa gari: Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana bodi ni ya alumini. Chesisi lakini ni chuma, kwa hiyo bodi inabaki inang'aa huku chini kunaliwa na kutu. Mwaka 1958 likatoka toleo la pili, Series II, lenye mabega ya mviringo. Septemba 1961 likaja Series IIA. Ukiyaweka hayo mawili pamoja chini ya mwembe, kwa macho hutofautishi. Kinachotofautisha ni namba. Fupi la petroli, usukani kulia, la kupelekwa nje ya Uingereza, kama ni Series II namba yake inaanza na 142, na tarakimu ya nne inataja mwaka. Kama ni IIA inaanza na 242. Yaani tarakimu ya kwanza tu ingeamua kama babu yuko sahihi.

Namba hiyo hukaa sehemu mbili. Moja ni kibati kilichopigwa riveti ndani ya kabini, na kibati kinaweza kuhamia gari lingine. Nyingine imegongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele kulia, pale springi inaposhikiliwa. Kibati chetu hakipo, yamebaki matundu ya riveti. Tukaenda kwenye chesisi. Mafuta ya taa, kitambaa, brashi ya waya kwa upole, tena mafuta ya taa. Grinda nilikataa hata isogezwe. Namba ikigongwa inakandamiza chuma hadi chini ya inapoonekana, ndiyo maana wataalamu wa polisi wanaweza kurudisha hata iliyofutwa kwa kutumia asidi. Ukigonga nyingine juu yake umeua ushahidi, na unaweza kujikuta unaeleza kituoni. Jioni nikapaka chaki, nikamulika tochi kwa ubavu, nikaweka karatasi na kusugua penseli.

Duh. Ikaja 2. Halafu 4. Halafu 2.

Nilikaa chini kabisa. IIA haikuwepo duniani kabla ya Septemba 1961, na mgodi ulishafungwa mwaka 1960. Gari la babu halijawahi kuwa la Uruwira hata siku moja.

Na kadi je? Namba iliyoandikwa kama ya chesisi ilikuwa haifanani hata kidogo. Nikaisoma mara tatu, nikafungua boneti, nikasafisha bloki ya injini. Ndiyo hiyo hiyo! Kuna karani aliwahi kunakili namba ya injini akaiweka kwenye nafasi ya chesisi. Kwenye magari haya namba hizo mbili hazikuwa zinafanana hata kiwandani. Simshangai sana. Mpanda ilikuwa chini ya Tabora, mwaka 1974 ikaingia mkoa mpya wa Rukwa, mwaka 2012 ikawa Katavi. Gari limetulia chini ya mwembe, makaratasi yamehama mikoa mitatu, na kila kuhama ni mtu mwingine ananakili. Hebu fikiria tungegonga ile namba: tungekuwa na Land Rover yenye injini mbili na bila chesisi.

Baba mdogo alifurahi, kwa sababu kosa la karatasi linasahihishika, na ile karatasi ya penseli ameitunza kama cheti cha ndoa. Kazi ikawa kumwambia babu. Nilimpa shikamoo, nikamweleza polepole, 1960, 1961, mbili nne mbili. Hakubisha. Alilinunua kwenye mnada miaka ya sabini, akasema, lilikuwa na rangi ile ile ya lile la mgodi, na hata mlio ulikuwa ule ule. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Sasa lile la mgodi lilikwenda wapi?"

Kule Gaydon, Uingereza, British Motor Museum wanatunza vitabu vya kiwanda. Ukiwapa namba ya chesisi na malipo yao wanakutolea cheti kinachoonyesha gari lilitengenezwa lini, rangi yake ya kwanza, na lilipelekwa wapi. Tumekubaliana mnunuzi asubiri hadi hicho cheti kifike. Babu anataka kwanza kujua ni gari la nani ambalo amekuwa akilisimulia miaka yote hii.