Gukora: Kitenzi kimoja cha Kinyarwanda chenye maana nyingi

Mgeni anayenunua ndizi katika tarafa ya Butare, wilayani Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, huagwa kwa neno ''murakoze'', yaani asante. Likifasiriwa neno kwa neno, maana yake ni ''mmefanya'' au ''mmefanya kazi''. Asili yake ni kitenzi gukora.

Maana zake za msingi ni kufanya, kutengeneza na kufanya kazi. Kikifuatwa na ''ku'', humaanisha kugusa. Kutokana nacho mfanyakazi huitwa umukozi, kifaa igikoresho, na kutumia ni gukoresha. Mzizi wake ni wa kale miongoni mwa lugha za Kibantu; Waganda nao husema okukola.

Mwaka 1994 kitenzi hicho kilibebeshwa maana nyingine. Tarehe 19 Aprili, siku chache baada ya mauaji ya kimbari kuanza, Rais wa serikali ya muda, Théodore Sindikubwabo, alihutubia katika mji wa Butare, ambao leo umo wilayani Huye na haupaswi kuchanganywa na tarafa ya Rusizi. Gavana Jean-Baptiste Habyalimana, Mtutsi pekee aliyeshika wadhifa huo nchini, alikuwa ameondolewa madarakani. Rais aliwahimiza wananchi gukora, na wasiotaka wawapishe wengine. Hotuba hiyo ilitangazwa na Redio Rwanda, na mauaji yakashika kasi mkoani humo.

Je, aliwaambia wafanye kazi, au waue? Swali hilo lilifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, mjini Arusha, Tanzania. Kesi ya washtakiwa sita wa Butare ilianza Juni 2001, na hukumu ikatolewa tarehe 24 Juni 2011. Sindikubwabo mwenyewe hakuwahi kushtakiwa. Majaji walihitimisha kuwa hotuba ile ilikuwa wito wa kuwaua Watutsi.

Kamusi pekee isingeweza kuwafikisha hapo. Mfasiri aliyeandika ''kufanya kazi'' hakukosea neno, lakini msomaji wake asingejua kilichoagizwa. Ilibidi mahakama ipime nani alisema, wapi, lini, na waliomsikia walitenda nini baadaye.

Kitenzi hicho hakikuachwa. Wanyarwanda wangali wanakitumia kila siku, shambani, ofisini na katika kushukuru.