Jinsi ya kutafuta waya unaomaliza betri ya gari

Betri nzima ikiisha nguvu kila gari linapolala, huenda kuna waya uliochubuka. Likoni, Kisauni na Changamwe, hewa ya bahari hupenyeza chumvi na unyevu penye mchubuko, na umeme huvuja hadi kwenye bodi hata gari likiwa limezimwa. Betri ya ampea-saa 50 inayovuja ampea 1 huisha kwa takriban siku mbili.

Fundi huzima kila kitu, hufungua waya hasi wa betri na kuweka mita ya ampea kati ya waya huo na betri. Husubiri hata nusu saa ili kompyuta za gari zitulie. Injini haiwashwi, la sivyo mita itaungua. Magari mengi hayazidishi miliampea 50. Kipimo kikizidi hapo, fyuzi huchomolewa moja baada ya nyingine. Ile ambayo ikitolewa kipimo hushuka ndiyo inayoonyesha njia ya kufuatwa hadi palipochubuka. Kisiposhuka, huchunguzwa waya zisizopitia fyuzi hizo, zikiwemo za alteneta na stata.

Kununua betri mpya kabla ya hapo ni hasara, na kuweka fyuzi kubwa kuliko iliyopangwa huweza kuteketeza gari.