Nyegina, Mama wa Parokia Zetu



Mama mmoja wa Nyamongo aliniuliza swali zito: "Padre, tukihamishwa kupisha machimbo, je, kanisa letu litakuwa limekufa?" Swali hilo si la mzaha. Tangu mgodi mkubwa wa dhahabu ulipoanza kazi huko mwaka 2002, familia nyingi zimeacha miji ya babu zao na makaburi ya wazee wao. Ili tumjibu mama huyo, twende kwanza Nyegina, nje kidogo ya mji wa Musoma, tuone jinsi Kanisa lilivyozaliwa katika nchi yetu ya Mara.

Mwaka 1911 Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walifungua misioni ya Nyegina. Ndiyo parokia mama ya Jimbo la Musoma. Msingi wao wa kwanza haukuwa wa mawe, bali wa mafundisho. Kwa kanuni ya shirika lao, aliyetaka ubatizo alifundishwa na kupimwa kwa muda wa miaka minne. Mapadre walikuwa wachache na nchi ilikuwa pana, hivyo mzigo uliwaangukia makatekista, waliokwenda kwa miguu kijiji hata kijiji, wakifundisha sala chini ya miti.

Miongoni mwa waliosubiri alikuwamo mtoto wa Mtemi Burito wa Butiama. Alianza kufuata mafundisho ya dini alipokuwa mwanafunzi wa shule ya Mwisenge, Musoma, aliyoingia mwaka 1934. Hakubatizwa hata tarehe 23 Desemba 1943, huko Nyegina, akapewa jina la Julius. Naye ndiye Mwalimu Nyerere, Baba wa Taifa. Mbegu ile ilikaa ardhini miaka mingi, wala haikuoza.

Katika miaka ya 1930 ilifunguliwa misioni ya Kowak, kaskazini ya mto Mara, na Injili ikatukaribia sisi wa Tarime. Mwaka 1946 walifika Wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani, wakaipokea kazi. Mwaka 1957 Musoma ikawa Jimbo, chini ya Askofu John Rudin. Na mwaka 1979 akamfuata Askofu Justin Samba, Mtanzania. Wachungaji walibadilika, mataifa yao yalibadilika, lakini mafundisho hayakukatika.

Ndugu zangu, hapo ndipo lilipo jibu. Mtume Petro anatufundisha kwamba sisi wenyewe tu mawe yaliyo hai. Greda laweza kubomoa ukuta. Haliwezi kubomoa sala aliyofundishwa mtoto na mama yake. Lakini tujihoji pia: kwa nini twachangia bati na saruji kwa moyo, kisha twamwacha katekista wetu aende kuzungumza na watoto akiwa na njaa? Kanisa lisilo na mwalimu limekwisha kufa, hata kama halijahamishwa na mtu.

Mama yangu wa Nyamongo, ukihama, beba kengele ukiweza. Lakini kwanza hakikisha watoto wanajua inawaita wapi.

Mungu awabariki. Amina.